Ubao Uliochomoza

Mtaa mzima humwita mume wangu Milimita, na si kwa kumsifu tu. Ni mtu wa kukuinua kwenye kiti ili anyooshe kitambaa cha meza kabla hajaanza kula. Hujenga vibaraza vya mbao hizi za siku hizi, plastiki iliyochanganywa na unga wa mbao, na wateja humfuata kwa ajili ya kingo zake. Pitisha kidole pembeni, hutahisi kiungo.

Hapimi kila ubao peke yake. Huzifunga zote zikiwa ndefu kupita kiasi, ncha zimechomoza nje huku na huku, na siku ya mwisho hupiga uzi wa chaki kuchora mstari ulionyooka, akapitisha msumeno mara moja, zote zikawa sawa. Kisha huzifunika ncha kwa ubao mwembamba, akiacha upenyo wa kidole juu ya ardhi ili maji yasituame. Kwa hiyo kabla ya siku ya mwisho, kibaraza chake ni mtego.

Shangazi aliyemlea tangu ana miaka minne alimwomba kibaraza nyuma ya jiko, cha kimo cha shubiri moja tu, atoke kuanika nguo bila kukanyaga tope. Milimita alikifanya chote isipokuwa siku ya mwisho. Mteja alimpigia simu, naye akaiacha kazi akaenda. "Shangazi hana haraka," aliniambia. Zikapita wiki tatu. Nilimkumbusha mara mbili, kisha nikanyamaza nisionekane msumbufu. Hilo ni kosa langu, na silisukumi kwa mtu.

Asubuhi moja shangazi alikuwa akianua mashuka. Mguu ulinasa kwenye ncha, akaanguka, akavunjika juu kidogo ya kifundo.

Kesho yake, yeye yuko hospitali, Milimita alibeba msumeno. Mimi nilimshikia uzi. Tuliambiana kwamba tunazuia mtu mwingine asianguke, na kila mmoja alijua mwenzake anaongopa. Sijawahi kuona kingo nzuri kama ile. Nilifagia vumbi lote, hata lililoingia kwenye majani.

Wifi yangu, binti wa shangazi, alifika siku iliyofuata kutoka mbali. Alipoambiwa na mama yake kuhusu ubao uliomshika mguu, alikwenda kuangalia, akarudi wodini akamwambia hakuna ubao uliochomoza. Tangu hapo alimsemesha mama yake polepole, kama anayesemesha mtoto.

Shangazi aliporuhusiwa, tulimkuta kitandani kwake, magongo pembeni, wifi akipanga nguo kwenye sanduku.

"Anahamia kwangu. Nyumba tunaifunga," wifi alisema. "Mtu anayeona mbao ambazo hazipo utamwachaje na jiko la gesi?"

"Labda nilichanganya," shangazi alisema.

Huyu ni mwanamke aliyewahi kubishana na daktari kuhusu umri wake mwenyewe, akashinda. Sasa alikuwa anakunja vitenge vyake na kumpa bintiye kimoja kimoja. Niliona aibu hata mikono yangu sikujua niiweke wapi. Nikamtazama mume wangu. Macho yake yalikuwa sakafuni.

"Shangazi," akasema, "ubao ulikuwepo. Niliukata mimi, wakati wewe uko hospitali."

"Na mimi nilimshikia uzi," nikasema.

Wifi alisimama na kitenge mkononi. Alifungua mdomo, shangazi akamwinulia kiganja anyamaze.

"Uliukata lini?"

"Siku ya pili."

"Na siku ya tatu huyu akaja kuniambia hakuna ubao." Alihesabu kwa vidole. "Wewe ulikuja siku ya nne, ukaniletea uji. Ya sita ukaja tena."

"Ndiyo, shangazi."

"Mguu utapona, mwanangu. Mifupa inaunga. Lakini nimelala pale wiki nzima nikijua akili ndiyo inaniaga. Kila asubuhi, kabla hamjaja, nilikuwa najitajia majina yenu, mmoja mmoja, nione kama bado ninawajua. Lako nilikuwa naanza nalo."

Milimita alilia. Shangazi hakumbembeleza. Alimwambia wifi arudishe nguo kabatini, na sisi hakutuambia tukae.