Timu Iliyozaliwa Siku Moja

Juzi nilipeleka gari kwa fundi kule Brooklyn Center, jirani na Minneapolis, nikaambiwa nisubiri. Miguu ikanipeleka mpaka ule uwanja wa nyuma ya kanisa. Siku hizi umewekewa nyasi za plastiki, uzio mrefu, na kibao kinachokataza karibu kila kitu. Nilisimama nje ya uzio nikauangalia kwa jicho baya. Unanijua, rafiki yangu, mimi siamini kitu upesi, hata nyasi.

Hapo ndipo makanisa ya Waafrika yalipofanya Michezo ya Mataifa kwa mara ya kwanza, kiangazi nilichokuwa na miaka tisa. Kila taifa lilileta timu yake ya watoto: Kenya, Liberia, Tanzania, na sisi Wakongo, ambao tulikuwa bado wageni hapa mjini. Kulikuwa na mpira, mbio, kuvuta kamba na kukimbia ndani ya magunia. Wakenya walikuja na jezi zilizochapwa majina mgongoni. Sisi tulivaa fulana ambazo mama mmoja wa kwaya alizikusanya dukani, kila moja na buluu yake, akazishonea nyota za njano kwa mkono. Nyota yangu ilikuwa na ncha sita, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Usidhani ilikuwa sherehe ya upendo. Watu wazima walikumbatiana wakasema Bwana asifiwe, halafu kila kundi likarudi kwenye viti vyake kunong'ona. Sisi tulimshuku mtoto mmoja wa Liberia aliyekuwa na masharubu. Waliberia waliwashuku Wakenya kwamba walianza mazoezi tangu theluji haijayeyuka. Na Wakenya walipopitisha chapati za moto kwa timu zote, bibi yangu alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana, akazifunika kwa kitenge.

"Hapana kula chakula ya wale munashindana nao, mbele ya kukimbia," alituambia.

Tukabaki tunazitazama zikipoa. Yeye alikuwa amebeba bugali, na sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa na ndagala, ndani ya boksi la barafu. Kila alipofunua kifuniko, harufu ya wale dagaa iliwafanya Wamarekani waliokuwa wakitembeza mbwa wao wageuke.

Huyo ndiye aliyenifundisha kushuku. Alikuwa bibi mzaa mama, na ndiye aliyetulea, dada yangu na mimi, kwa sababu mama hakufika Amerika na baba alishinda kazini. Alinusa maziwa ya dukani kabla hatujayanywa. Mtu akibisha hodi, tulikaa kimya mpaka achoke. Na alikuwa mjanja. Kwenye basi la kwenda Minneapolis watoto wa miaka mitano walipanda bure, kwa hiyo mimi nilikuwa na miaka mitano kwa muda mrefu sana. Dereva akinitazama, bibi aliinua vidole vitano, uso umetulia, wakati miguu yangu inagusa sakafu.

Basi, siku ile tulipigwa. Tulifungwa mpira, tukaburutwa kwenye kamba, na kwenye magunia nilianguka mimi mwenyewe. Mchungaji wetu alikwisha kuanza kusema kwamba kushiriki peke yake ni baraka. Ndipo zikaitwa mbio za wasichana wasiozidi miaka kumi na moja. Dada yangu alivua viatu, akakimbia pekupeku, akawaacha wote nyuma. Akina mama wa kwetu walipiga vigelegele mpaka sauti zikawakauka. Bibi hakupiga. Alikuwa anaitazama meza ya waamuzi.

Alikuwa na haki ya kuitazama. Mwenyekiti wa michezo, nesi mmoja wa kiume, Mkenya mwenye filimbi shingoni, alisema msichana huyu ni mrefu mno, anataka kuona umri wake. Mama wa kwaya akaleta kadi za timu nzima kwa moyo mweupe kabisa. Mwenyekiti akasoma ya kwanza, akasoma ya pili, akazipitia zote, akaanza kucheka.

"Hii team yote ilizaliwa New Year?" aliuliza. "Wote first January? Ama mnatuona wajinga?"

Kambini tulikotoka, mtu asiyejua tarehe yake aliandikiwa tarehe mosi Januari. Wazazi wetu walipokimbia hawakubeba kalenda. Nyumbani kwetu siku hiyo sote tulizaliwa pamoja na keki moja ilitutosha, wala hatukuona ajabu. Lakini pale uwanjani jambo hilo lilinuka udanganyifu, na hata mimi nilianza kumtazama dada yangu na urefu wake. Mwenyekiti alisema kama umri wake haujulikani, medali irudi na Kongo itolewe kwenye mashindano. Dada alikuwa ameshaivaa. Aliikamata kwa mikono miwili, hakulia, na mimi nilitamani kumng'ata yule mtu.

Bibi akainuka, akaenda polepole mpaka mezani.

"Mama, pole sana," mwenyekiti alisema, akishusha sauti. "Si kwa ubaya. Lazima tu-confirm age ya huyu msichana."

"Huyu ako na myaka kumi na moya," bibi alisema. "Nilizala mutoto wangu wa mwisho ile juma moja na yeye. Ule wangu nilimuzika mu njia, tukikimbia. Kila mwaka nikihesabia huyu, nahesabia na ule. Sasa unataka papier gani, papa?"

Mwenyekiti alivua kofia, akasema medali ibaki. Akina mama wa Kenya waliacha viti vyao wakaja kumshika bibi mikono, na jioni tulikula chapati zao, ingawa zilikwisha kuwa ngumu. Wao wakala sombe yetu, wakawasifu wale dagaa kwa adabu.

Mimi nilisimama nyuma ya bibi nikifikiria vile vidole vitano vya kwenye basi. Sikuwahi kusikia habari za mtoto huyo kabla, na sikuzisikia tena. Hapakuwa na picha, wala sala iliyomtaja. Nilipomuuliza baba, aliniambia nisifukue mambo. Kwa hiyo nilishuku kwamba bibi yangu alimtunga marehemu ili Kongo ipate medali. Nilimpenda kwa hilo, nisikufiche, na nilimwogopa kidogo. Alifariki nikiwa chuoni, sijamuuliza.

Nilipotoka pale kwenye uzio nilimpigia dada yangu, ambaye anafanya kazi hospitalini Maplewood. Nilimkuta anakula. Nikamuuliza kwa utani kama yeye aliiamini ile hadithi ya bibi.

Hakucheka.

"Hadithi gani? Alikuwa mutoto mwanamuke," alisema. "Bibi alikuwa ananiambiaka akinisuka, weye ukiwa inje na bike. Jina yake, sura yake, vile alikuwa anapenda kulala. Kila mara akinisuka."

"Mbona mimi hakuniambia?"

"Weye ungeomba proof."

Nikamwomba aniambie jina. Akasema break yake imeisha. Nikamwomba tena, safari hii bila utani.

"Hapana," alisema kwa upole. "Utaenda kutafuta kama ni kweli."

Kuna vitu ambavyo nilikwisha kuzoea kwamba vimepotea: uwanja wa majani ya kweli, fulana za buluu zisizofanana, mikono ya bibi ikifunika chapati. Nilikuwa nikivililia bila shida, kwa kuwa nilivijua. Sikujua kwamba nilikuwa na mama mdogo, ambaye kama angekuwa hai leo angekuwa na umri wa dada yangu. Jina lake analo dada, na dada ananijua vizuri mno, hawezi kuniambia.