Mji wa Wales Ulioota Matembele

Wiki iliyopita nilipita mtaa wetu wa zamani kule Minto, kitongoji tulichofikia tulipohamia ng'ambo, nikakuta nyumba imebomolewa na katapila linasawazisha uwanja wa nyuma. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Hapo, rafiki yangu, palikuwa na mji.

Mwalimu wetu wa historia alizaliwa mpakani mwa Wales. Alitufundisha jinsi miji ya kwao ilivyojilinda zamani za kale: watu walichimba handaki kuuzunguka mji, udongo wakaurundika upande wa ndani ukawa tuta refu, juu yake wakapigilia uzio wa magogo. Kila mtoto atengeneze mfano. Wangu haukubebeka, kwa hiyo angekuja mwenyewe kuutazama. Nilitamani mno anisifu, maana darasani nilijulikana kwa kitu kimoja tu, Kiingereza changu cha kuchekesha.

Nilichimba karibu na kamba ya nguo huku harufu ya maharage ya bibi ikinifuata kutoka jikoni. Vijiti vya aiskrimu vikawa uzio. Nililala kwa raha zangu zote.

Kesho yake natoka shule, vijiti vimo kikombeni, vimeoshwa. Tuta zima limechomekwa matembele, na handaki limejaa maji ya kumwagilia. Bibi, aliyelima miaka yote kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, alikuwa ananisubiri kwa hasira.

"Tuta gani hii haina viazi? Unapanda vijiti?"

"Bibi, no! It's for school! Ni ya kuzuia maadui!"

"Maadui gani hapa Minto? Ule paka wa jirani?"

Nikaangua kilio, mara mwalimu akabisha hodi. Aliutazama mji, akaniuliza bibi anasema nini. Nikamtafsiria. Alicheka mpaka akashika kamba ya nguo. Akasema matuta ya kwao siku hizi yanalisha kondoo tu, na huu ndio mfano wa kwanza kuuona ambao wenyeji wake hawatakufa njaa. Bibi hakuelewa neno, ila alimletea sahani ya maharage.

Bibi hatunaye tena, na ninamkumbuka mno. Katapila limemaliza asubuhi moja mji ambao hata paka hakuuweza. Lakini kando ya ua palibaki tembele limetambaa, nikakata kipande, nikakichomeka kwenye kopo huku kwetu ghorofani, Liverpool hii ya jirani na Minto, si ile ya mpira.

"What's that for, Mama?" binti yangu akauliza.

Nikamwambia ni ya kuzuia maadui.