Mtani Tuliyemfukuza Chamani

Siku niliyorudi kutoka Lusaka, mwanangu, naikumbuka kwa maneno niliyopokelewa nayo pale Mlandege mjini. Nilikuwa sijamaliza kushusha mizigo. Binamu yangu Augustino alinitazama viatu, akatazama gari, kisha akasema mbele ya watu, "Gari umepata, sikatai. Lakini hicho chama unachosema umekuja kukifufua, hukiwezi. Hata kwa maombi." Mwingine akadakia kwamba miaka ile waliposema nikivuka Tunduma nitarudi na blanketi tu, walikosea, ila safari hii hawakosei.

Maneno ya namna hiyo nimeyazoea. Walisema sitamaliza shule, nikamaliza. Walisema mtoto wa mkulima wa Ilula hawezi kuuza vipuri mchana na kusoma jioni, nikasoma, nikapata stashahada ya uongozi wa biashara, na cheti chake kimetundikwa sebuleni kwangu, anayetaka aje akione. Sikulipiwa na mtu. Nakueleza haya ujue ni nani anayekupa nasaha. Na kujisifu kidogo hakumdhuru mtu aliyefanya kazi.

Jina la chama chenyewe sitalitaja, maana baadhi ya waliokiangusha wako hai na tunasalimiana vizuri. Nilipokuwa kijana kilikuwa kipya, nacho kilisema jambo jepesi kueleweka: mtu ni huru. Aseme anachofikiri, amuuzie mazao yake amtakaye, aabudu anakotaka, na asiombe ruhusa ya mkubwa kwa jambo lisilomdhuru jirani. Wasomi wanaiita siasa ya kiliberali. Pale kijijini kwetu Ilula hatukuhitaji jina hilo. Akina mama waliouza nyanya kando ya barabara kuu walifukuzwa kila mara mkubwa alipotarajiwa kupita, na chama kikasema wasifukuzwe. Kwa neno hilo tukajaza uwanja.

Miongoni mwa akina mama hao alikuwepo Mama Leokadia, Mngoni kutoka Songea aliyeolewa kwetu. Sisi Wahehe na Wangoni ni watani. Ninyi mliozaliwa mjini mnadhani utani ni mzaha wa kupitisha muda. Babu zetu walipigana sana, kisha wakaona ni heri waachane na mikuki watumie maneno. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, na ukikasirika mwenye kosa ni wewe. Kwenye msiba yeye ndiye anayelala njiani jeneza lisipite mpaka apewe chochote, na ndiye peke yake anayeweza kusema kwamba marehemu alikuwa mchoyo. Ndugu wataficha, mtani atasema.

Mwenyekiti wetu, Mzee Kasiani, alikuwa Mhehe. Kila alipoanza kuhutubia, Mama Leokadia alimkatiza.

"Mhehe, fupisha. Mbwa wako anaungua jikoni."

"Tulia, Mngoni. Leo usikimbie kama babu yako."

Wangoni hutusingizia kwamba tunakula mbwa, nasi huwasingizia kwamba walikimbia vita, basi watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Baada ya hapo yeyote aliweza kusimama na kuuliza lolote, kwa sababu mwenyekiti alikwisha kutukanwa na hakupungukiwa kitu. Mimi nilikuwa kiongozi wa vijana, na nimehudhuria mikutano ya vyama vingi tangu wakati huo, hapa na ng'ambo ya mpaka. Sijaona mahali pengine ambapo mwanamke mwenye ndoo ya nyanya aliuliza mambo ya bajeti bila kutetemeka.

Tukashinda. Tukapata madiwani, tukapata ofisi Mlandege, na Kasiani akapata gari na suti. Ndipo wageni wa kanda walipokuja kutoka Mbeya, akawaleta Ilula wauone umati wake. Gari lilipokaribia uwanja, Mama Leokadia akalala barabarani, kanga kichwani, akaanza kulia kama wanavyolia msibani.

"Kasiani wetu amekufa, jamani. Alikuwa anakuja kwa miguu, anakula nyanya zangu bila kulipa. Huyu mwenye suti simjui. Tuonyesheni maiti tuzike."

Sisi tulikuwa tumeanza kucheka, tukisubiri jibu. Kasiani alishuka, akawatazama wageni wake, kisha akasema, "Mwondoeni. Kuanzia leo huyu si mwanachama."

Mzee mmoja akamwambia kwa upole, "Mwenyekiti, huyo ni mtani wako."

"Utani uishie huko kilabuni kwenye pombe ya ulanzi. Hapa ni chama, na kuna wageni."

Mama Leokadia akainuka, akakung'uta vumbi, akaondoka. Mhehe aliyekataa utani hadharani, tena mbele ya wageni, hatukuwa tumemwona. Hata wale wa Mbeya waliinamisha vichwa, maana na wao kwao wana watani.

Usifikiri chama kilianguka siku ile. Kiliendelea, na kwa nje kilionekana kizuri. Lakini kwenye mikutano hakuna aliyecheka tena. Baadaye hakuna aliyeuliza. Baadaye hakuna aliyekuja, isipokuwa waliotaka vyeo, nao walipokosa wakahamia kwingine. Ilivyokuwa kwetu ndivyo ilivyokuwa sehemu nyingi, maana viongozi wa juu nao walikuwa wamejifunza kufukuza. Ofisi ya Mlandege ikawa saluni. Mimi nikaenda Zambia kutafuta maisha, nikayapata.

Niliporudi, chama kilikuwa kimeanza kukusanya vipande vyake. Ofisi ya kanda ikatangaza kwamba tawi litakalochagua viongozi wake kwa kura za wanachama litapata viti katika mkutano mkuu wa kanda. Litakaloshindwa litaunganishwa na la jirani na kusemewa na wengine. Kwa sisi wa Ilula ilikuwa na maana moja: mambo ya nyanya zetu na barabara yetu yaamuliwe huko Mbeya na watu wasiotujua. Nikatoa ahadi mbele ya Augustino na wenzake kwamba tawi litakuwepo. Mtu mwenye jina kama langu hatoi ahadi ya namna hiyo halafu akashindwa.

Nikakodi ukumbi. Nikaeleza uhuru wa mtu kwa ufasaha ambao, nasema bila aibu, wahadhiri wengi hawana. Waliokuja hawakujaza hata mabenchi ya mbele. Nilipomaliza, yule mzee aliyemtetea mtani siku ile, sasa akitembelea fimbo, akaniambia, "Umesema vizuri, baba. Kwa Mama Leokadia umekwenda?"

Sikuwa nimekwenda. Kesho yake nikaenda.

Nilimkuta palepale kando ya barabara, nywele zimekuwa nyeupe, anapanga nyanya kwenye ndoo ndogo za sado. Alinitambua kabla sijafunga mlango wa gari.

"Mhehe umerudi. Mbwa wa Lusaka umewamaliza?"

"Nimekuachia mmoja, Mngoni, akukimbize mpaka Songea."

Akacheka, akanipa kigoda. Nikamweleza shida yangu, nikasema chama kiko tayari kumwomba radhi rasmi.

"Radhi ya nini? Mtani haombwi radhi, mtani anajibiwa," akasema. "Mimi nililia msiba mbele ya watu, na mwenye msiba hakunijibu. Mpaka leo nimesimama na kilio changu. Mlete Kasiani hapa Ilula, nimlilie tena. Akinijibu, mimi na wenzangu wote tunarudi. Asiponijibu, nenda ukauze vipuri vyako."

Kasiani alikuwa hai, mzee wa kukaa kibarazani. Alikataa moja kwa moja.

"Niende nikazikwe na yule mwanamke?"

"Alikwisha kukuzika, mzee. Nenda ukafufuke."

"Nilikuwa nalinda heshima ya chama," akasema. Sikumjibu. Kukaa kimya nilijifunza kwenye biashara, na ni ustadi ambao vijana wengi hamna. Mwishowe akaomba koti lake.

Siku ya mkutano uwanja ulijaa, na nakiri hawakuja kunisikiliza mimi. Walikuja kumwona Kasiani. Wapiga kura walikuwa tayari kuchagua au kurudi nyumbani, kulingana na kitakachotokea. Mama Leokadia akajitupa chini mbele ya kiti chake, akalia.

"Chama changu kilikufa kijana. Kiliuawa na suti. Muuaji huyu hapa, amezeeka, hata kutafuna hawezi, mpeni uji."

Kasiani alishika mikono ya kiti kama mtu anayetaka kuondoka. Kisha akainamisha uso. Nilikuwa nimesimama karibu yake, na nilidhani analia.

"Mngoni," akasema kwa sauti ndogo, "kaburi ulilichimba wewe. Ila ulivyo mwoga, ulikimbia kabla ya kufukia. Ndiyo maana nimetoka."

Sijasikia kicheko kama kile tangu ujana wangu. Mama Leokadia mwenyewe alishindwa kuinuka, wakamsaidia. Akamshika Kasiani mkono, wakakaa benchi moja wakitukanana taratibu, na watu wakaanza kunyoosha mikono. Waliuliza kuhusu ushuru, kuhusu maji, kuhusu fedha za ofisi ya zamani. Kijana mmoja akauliza kwa nini mimi navaa tai kwenye jua. Nikamjibu kwamba ni kwa sababu ninayo.

Kisha tukapiga kura. Niligombea uenyekiti, kama ilivyostahili. Akachaguliwa Mama Leokadia, mimi nikachaguliwa kuwa katibu. Nilipopewa nafasi ya kuzungumza nilisema kwamba hakuna tawi jingine ukanda huu lenye katibu mwenye stashahada, na hilo hakuna aliyeweza kulipinga. Mkutano mkuu wa Mbeya ulipofika, Ilula ilikaa kwenye viti vyake yenyewe na kusema mambo yake kwa mdomo wake. Augustino aliniomba nauli ya kuja kutazama. Nikampa.

Nasaha yangu kwako, mwanangu, ni hii. Siku moja utaongoza kitu, kiwe chama, kwaya, kikundi cha kukopeshana au nyumba yako tu. Mtafute anayeruhusiwa kukucheka, umweke karibu, umpe kiti. Akikuuma, mjibu, usimfukuze, kwa maana wengine wote wanamtazama yeye kujua kama na wao wanaweza kusema. Na ukihubiri uhuru, uanze na uhuru wa yule anayekuaibisha mbele ya wageni. Huo wa wanaokusifu hauhitaji chama.

Mungu akupe kazi ya mikono yako na jina linalotokana nayo. Akupe na mtani asiyekuogopa, na akikulilia ukiwa hai, Mungu akupe cha kumjibu.