Makopo Kumi na Mawili ya Nyanya

Kila mwaka nyanya zinaposhuka bei, mimi hununua matenga mawili na kuharibu Jumamosi nzima. Nazichemsha, nazimenya, nazisaga kwa blenda, nazichuja, kisha rojo lake nalirudisha motoni mpaka maji yakauke na mikono yangu yote iwe imerukiwa. Likishapoa nalipakia kwenye makopo matupu ya aiskrimu na kuyapanga kwenye friza. Sababu ni moja tu: mvua za mwisho wa mwaka zikianza, nyanya hapa mtaani kwetu Pasua huuzwa kwa mafungu ya nne nne, nazo huwa na sura ya kuomba msamaha.

Ndugu wa mume wangu wanasema huo ni ubahili wa Kipare. Nimezaliwa Upareni, nimeolewa na Mchagga, na kwa miaka tisa nimeusikia utani huo huo kutoka kwa watu wanaonipigia simu Desemba kuuliza kama imebaki kidogo.

Sijawahi kuandika kitu juu ya makopo hayo. Friza langu lilikuwa na nyanya na nyama, na nyama ilikaa kwenye mifuko. Kuandika "nyanya" juu ya nyanya niliona ni kuwadharau watu wa nyumbani.

Mwaka ninaousema nilikuwa na sababu kubwa zaidi ya kununua. Krismasi ukoo mzima hupanda mlimani kwa mama mkwe, watu kama arobaini, na ndizi nyama za siku hiyo alizipika yeye mwenyewe tangu kabla sijazaliwa. Kazi yangu ilikuwa kumenya ndizi. Miaka tisa nilimenya ndizi, vidole vikabaki vyeusi kwa utomvu hadi Mwaka Mpya, na bado shangazi wa mume wangu alikuwa akiziokota nilizomenya na kuzimenya upya. Kisha nyonga ya mama mkwe ikaanza kumsumbua, akawa hawezi kusimama muda mrefu. Mwezi wa tisa, kabla ya mvua, akanipigia simu.

"Mwaka huu utapika wewe," akasema, akakata kabla sijajibu.

Shangazi alikuwa amempinga. Mume wangu aliniambia, kwa sababu mume wangu huniambia mambo yasiyonisaidia. Shangazi alisema mwiko wa nyumba ile hapewi mtu wa kuja. Niliutaka mwiko ule. Sikumwambia mtu, lakini niliutaka kuliko nilivyoitaka harusi yangu.

Jambo ambalo mume wangu hakuniambia ni hili. Siku mbili kabla ya sikukuu mdogo wake, mchoma nyama wa hapa hapa Pasua, alichinja mbuzi, akakinga damu ya kisusio, ile supu ya damu ambayo kwao haikosekani kwenye shughuli, akaitia chumvi na kuikoroga isigande. Friza lake lilikuwa limekufa. Akaileta kwetu ndani ya kopo la aiskrimu. Mume wangu akasema sawa, akalipangia nafasi nzuri katikati ya nyanya zangu, akaenda kutazama mpira.

Mkesha wa Krismasi nilifunga makopo kumi na mawili kwa magazeti, nikayatia kwenye kiroba, tukapanda. Nilikumbuka kwamba nilikuwa na kumi na moja. Nikaona nimehesabu vibaya, nikafurahi.

Asubuhi wote walikwenda kanisani. Nilibaki na sufuria ambayo mtoto angeweza kuogea, moto wa kuni, na jiko lenye dirisha moja dogo. Nyama ilipolainika na vitunguu vilipoiva, nikatumbukiza mabonge ya makopo manne yakiwa bado yameganda, nikageukia ndizi. Niliporudi mchuzi ulikuwa wa kahawia, una chembechembe kama ini lililopondwa. Nyumbani kwetu damu humwagwa chini na hakuna anayeiulizia, kwa hiyo ilinichukua muda kuelewa. Nilionja, nikatema. Kisha nikaketi kwenye kigoda, nikamtukana mume wangu kwa Kipare, kwa utaratibu, kuanzia kichwani kwenda chini.

Nyama yote ilikuwa mle. Hakukuwa na nyama nyingine wala muda wa kuitafuta.

Mama mkwe aliletwa wa kwanza kwa gari. Wengine walibaki kanisani kwenye mnada wa ndizi na kuku waliotolewa sadaka. Aliingia jikoni na fimbo yake.

"Mama, nimeharibu," nikasema.

Alifunua sufuria, akanusa. Akatazama makopo matupu, akaitazama tena sufuria. Nikangoja anyooshe mkono achukue mwiko. Angeuchukua siku ile, nisingeupata tena maishani.

"Chumvi imezidi," akasema. "Ongeza ndizi. Na upunguze moto."

Watu walifika wakiwa na njaa. Shemeji yangu, mwenye damu, alipita jikoni kuulizia kopo lake, akaona sufuria, akafungua mdomo. Mama yake akamtuma viti kwa jirani. Shangazi akapakuliwa kabla ya wote. Alionja, akashusha kijiko, na uwanja mzima ukamtazama.

"Nani ametia damu kwenye ndizi za Krismasi?"

"Mimi," mama mkwe akasema. "Nilimwambia mwanangu aitie. Niliitamani."

Mama mkwe ni mzee wa kanisa. Alikuwa bado amevaa kitenge alichoendea ibadani, akaudanganya ukoo mzima bila kupepesa jicho. Shangazi alimtazama, akanitazama mimi, akarudi kwenye sahani yake. Wanaume waliongeza mara mbili. Mama mkwe alimaliza ya kwake, akaomba nyingine, akaila yote akiwa ameketi mahali ambapo kila mtu angeweza kumwona.

Jioni tulibaki wawili jikoni, mimi naosha, yeye ameketi anafuta. Nilimpenda siku ile kwa namna ambayo sikuwa nimeiandalia nafasi, na niliona aibu kwamba kwa miaka tisa nilikuwa nimemchukulia kama askari wa getini. Nilitaka kumwambia hivyo. Badala yake nikamwambia kwamba mwakani, kwa vile anaipenda, nitaitia damu makusudi.

Alifuta bakuli, akaliweka juu ya mengine.

"Mimi damu sili, mwanangu," akasema. "Tangu nikiwa msichana, haipandi."