Kijiji Nilichokipaka Kijani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo sijaisahau hadi leo. Jana uliponionyesha jedwali lako kwenye kompyuta, namba zote zimepakwa rangi, nyekundu huku, kijani kule, ulitaka nikusifu. Sikukusifu. Usidhani nilikuonea wivu. Niliogopa.

Nilikuwa msichana, mwaka wangu wa kwanza kazini, karani wa mradi mdogo wa kukagua migomba katika vijiji vya Bukoba na Muleba. Mnyauko ulikuwa umeingia. Wewe umeukuta ni habari ya kawaida, sisi ulitukuta hatuujui. Mgomba unanyauka ukiwa umesimama, ukiukata unatoa usaha wa manjano, na panga lililoukata likigusa mgomba mzima, huo nao umekwisha. Watu waliuzungumzia kwa sauti ya chini, kama wako msibani.

Kazi yangu ilikuwa kuingiza namba: jina la kijiji, kisha idadi ya migomba iliyokutwa inaugua. Orodha ilikuwa ndefu, macho yakachoka, nikajifunza kuiambia kompyuta ipake rangi yenyewe. Namba kubwa nyekundu, za katikati njano, ndogo kijani. Ofisi nzima ilikuja kutazama, nami meno yote nje. Nilijiona fundi kweli.

Wiki hiyo hiyo mama alinipigia simu kutoka kijijini kwetu Nyanga. Upepo ulikuwa umemwangushia migomba, na mjomba wangu wa Muleba alimwahidi miche ya kujazia. Kwetu, unajua mwenyewe, miche ya ndugu haikataliwi. Kuikataa ni kumwambia kwamba kibanja chake, shamba lake la migomba, hukiamini. Lakini mama alikuwa amesikia habari za ugonjwa, akaona aniulize kwanza mimi, msomi wake.

Nikatazama jedwali. Kijiji cha mjomba kilikuwa kijani kuliko vyote.

"Chukua tu, mama," nikamwambia. "Kule ni salama."

Siku chache baadaye mkuu wangu wa kazi, mzee mpole asiye na maneno mengi, alisimama nyuma ya kiti changu akaweka kidole kwenye kijani kile kile.

"Hapa kuna nini?"

"Hapo hakuna shida, mzee."

"Nisomee namba."

Nikaisoma. Kumi na nane.

"Kumi na nane ya nini, binti?"

Ilikuwa migomba kumi na minane inayougua, na mimi ndiye niliyeiandika kwa vidole vyangu.

"Kompyuta haikukudanganya," akasema. "Umeiomba ilinganishe vijiji, imelinganisha. Hiki kina nafuu kuliko vingine. Hukuiuliza kama ni kizima. Kwa ugonjwa huu, kijani ni sifuri peke yake."

Jumapili nilikwenda Nyanga kumwambia mama. Nikamkuta mama ameshapanda miche yote tisa, mmoja karibu kabisa na kaburi la baba. Alikuwa na furaha, panga mkononi, akipunguza majani kwenye miche mipya, kisha kwenye migomba ya zamani, kisha anarudi kwenye miche. Niliona kila mahali panga lile lilipogusa. Sikumwambia. Nilijiambia labda miche ni mizima. Nilijiambia nitasema Jumapili ijayo. Ukweli, mwanangu, niliuogopa uso wake. Niliogopa kuacha kuwa msomi wake. Nikala ndizi alizonipikia, nikaaga.

Tangu hapo kila simu ikilia nilishtuka, na Jumapili iliyofuata sikwenda, wala ile ya pili. Mwezi uliofuata ikalia ile niliyokuwa nikiiogopa.

"Mwana wange," mama akasema, "majani yamekuwa njano."

Tulikata mgomba mmoja baada ya mwingine, tukafukia. Kibanja alichokiacha babu kikabaki uwanja, kaburi la baba likapigwa na jua. Hapo ndipo nilipomweleza yote, habari ya kijani na habari ya Jumapili ile. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Aliketi juu ya shina lililoanguka.

"Ungeniambia siku ile," akasema, "ningeng'oa tisa."

Mwanangu, sikukatazi kupaka rangi. Rangi inalisaidia jicho, hasa orodha ikiwa ndefu. Lakini kabla hujaiamini, soma namba yenyewe, ujiulize inalinganishwa na nini: na jirani yake, au na uzima? Mpaka wa hatari uweke wewe, usiiachie kompyuta ikuchagulie. Na siku utakapogundua umekosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama unaogopa. Kosa langu lilikuwa miche tisa. Hofu yangu ndiyo iliyokimaliza kibanja.

Mungu akupe jicho la kuuliza na ulimi usiochelewa. Wanaokutegemea wakae kwenye kivuli chao siku zote. Kaburi la baba limepata kivuli tena sasa, migomba imerudi, ila mama alifariki kabla hajakiona. Wako wakione, mwanangu, na wewe uwe nao.