Mwambie Sipo

Severa Isidori huiona karatasi kabla ya kumwona mtu aliyeishika. Mtu akitokea mwisho wa Mtaa wa Aggrey na faili kwapani, Severa ameshainama chini ya meza ya kukatia vitambaa, na mimi nimeshapewa kazi yangu: "Badria, mwambie sipo."

Nimewaambia hivyo mgambo, watu wa sensa na wakusanya michango ya harusi. Siku moja nilimwambia hata katibu wa jumuiya yao ya kanisani, aliyekuja kumletea kadi ya zaka. Nilimwambia pia Lucky wa steshenari, na huyo nitamfikia. Kazi hiyo naifanya vizuri. Nina uso mpole na nimezaliwa hapahapa Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, watu wananiamini.

Huu ni mwaka wa kumi na nne tunafanya kazi pamoja. Yeye anauza mapazia, mimi nayashona. Alifika mjini kutoka Rombo akiwa na miaka ishirini na mbili, akapanga vitambaa vya makochi chini, kando ya barabara ya Msimbazi. Siku zile mtu mwenye karatasi hakuja kukusalimia. Alikuja kuchukua mzigo, na ukiuliza mzigo wako umepelekwa wapi anakuonyesha hiyo karatasi. Severa alinyang'anywa mara nne. Mara ya tano Mzee Pankaj, Mhindi wa vitambaa vya jora, alimwona analia mbele ya duka lake, akamwambia aingie ndani na alichobaki nacho. Alimpa kona ya kushoto ya fremu yake, chumba chake cha duka, na hakuwahi kumtoa.

Basi karatasi zote zikawa za Pankaj. Jina lililokuwa juu ya mlango lilikuwa la Pankaj. Wateja wa Lubumbashi na wa Moroni, ambao mapazia yao anawachagulia Severa, wakipigiana simu wanaambiana, "Tukutane kwa Pankaj." Yeye mwenyewe wanamwita yule mama wa kwa Pankaj. Alikuwa anacheka. Mimi sikucheka sana, maana nilikuwa naona nani anafungua mlango asubuhi.

Mwaka huu, mwanzoni mwa Agosti, Mzee Pankaj alituita tukae.

"Severa, naenda Mwanza kwa Hinal," alisema. Hinal ni binti yake. "Magoti yamekataa ngazi za stoo. Mwisho wa mwezi nafunga."

"Shikamoo, mzee," Severa alisema, kana kwamba ndiyo kwanza amemwona. Alikuwa ameshamwamkia asubuhi.

"Marahaba. Sikiliza. Nimemwomba mwenye jengo fremu akupe wewe, amekubali. Lakini anataka karatasi."

Msimamizi wa jengo anaitwa Nurdin, kijana wa suruali ya kubana na simu mbili. Alikuja Jumatatu, na siku hiyo hapakuwa na kuinama chini ya meza kwa sababu alitukuta tumesimama mlangoni.

"Mama, mimi sina noma na wewe," alisema. "Ila bosi hataki mkataba wa mdomo. Niletee cheti cha jina la biashara, mmiliki uwe wewe. Ijumaa saa kumi. Kuna jamaa wa chupa za chai ana karatasi zote, na kilemba juu, ile hela ya kuingilia fremu. Ukichelewa siwezi kukutetea."

Siku tano. Miaka kumi na minne kwenye ile kona, na sasa zimebaki siku tano. Nilikasirika kwa niaba yake, halafu nikakasirika kwa niaba yangu, kwa sababu mashine yangu haina mlango mwingine wa kukaa.

Siku hiyohiyo tulienda steshenari ya Ummy, karibu na viwanja vya Mnazi Mmoja. Siku hizi usajili unafanywa kwenye mtandao, na sisi ambao mtandao wetu ni wa kutazamia harusi za watu tunaenda kwa akina Ummy, wanatujazia. Severa alitoa kitambulisho cha taifa kwenye kifuko cha plastiki alichokifunga kwa raba mbili. Ummy akaandika namba, akabonyeza, akakunja uso.

"Mama, mbona wewe umo humu? Una akaunti tayari."

"Akaunti gani? Mimi sijawahi kujisajili mahali."

"Imefunguliwa mwaka juzi, Februari. Siwezi kukufungulia nyingine, kitambulisho kimoja akaunti moja. Lazima uingie kwenye hiyo. Neno lako la siri ni lipi?"

"Neno la siri! Mimi nina siri gani?"

"Basi tunaomba jipya. Mfumo unatuma tarakimu sita kwenye simu uliyoandikisha. Inaishia na 43. Ni yako?"

Severa alitafuta kwenye simu yake namba yenye mwisho huo. Halafu akalipuka, mpaka mtu aliyekuwa anatoa kopi akageuka. "Lucky! Yule mwizi!"

Hapa lazima nieleze. Mwaka juzi Mzee Pankaj aliugua, akalazwa, tukajua duka linafungwa. Severa kwa hofu alienda kwa Lucky, baba mmoja wa miaka arobaini hivi, mpole, aliyekuwa na steshenari nyuma ya hii ya Ummy. Akampa kitambulisho na ada ili amsajili. Mimi nilikuwepo. Lucky alimuuliza, "Niandike namba yako ya simu ipi?" Severa akasema, "Weka yako. Mimi sitaki kusumbuliwa na meseji za ofisi."

Na msidhani ni yeye peke yake. Mtaa mzima tunafanya hivyo. Mtu anakubali kusajiliwa, lakini akipigiwa simu apigiwe mwingine.

Baada ya miezi miwili Mzee Pankaj alipona, akarudi dukani, na habari ikafa. Ilibaki moja tu, ambayo Severa aliisimulia kwenye kikoba, kwenye jumuiya, na kwa kila mteja aliyekaa kusubiri pazia lake: kwamba Lucky alimla hela na cheti hakikuonekana. Kariakoo neno kama hilo halihitaji miguu. Watu wakaacha kumpelekea Lucky karatasi zao, na mwaka jana alifunga steshenari akaondoka. Wengine walisema yuko Tunduma, wengine Newala kwao.

Severa alipiga ile namba palepale, na hakungoja hata haloo. "We Lucky, mwizi mkubwa, hela yangu ilikuwasha? Sasa nataka akaunti yangu!"

Iliyojibu ilikuwa sauti ya mwanamke. "Nani Lucky? Nyie watu mnanitafuta nini?" Akakata. Severa alipopiga tena, hakupatikana. Yule mwanamke alikuwa ameifungia namba yake.

Jumanne tulienda ofisi ya usajili. Tulipanga foleni tangu saa moja, saa sita tukafika dirishani. Dada wa dirishani alikuwa na adabu, na hilo liliniudhi zaidi, kwa sababu mtu mwenye adabu huwezi kumgombeza. Alisema namba inaweza kubadilishwa. Iletwe barua, kiapo cha mahakamani, nakala ya kitambulisho, kisha maombi yahakikiwe. Siku saba za kazi, pengine kumi.

"Mimi nina siku tatu," Severa alisema.

"Pole, mama. Nani aliandikisha namba isiyo yako?"

"Mwizi mmoja," alisema Severa. Mimi nilitazama feni.

Jumatano alifuata kiapo, akaambiwa arudi kesho. Alhamisi alikipata, akakipeleka, akapewa kipande cha karatasi chenye namba ya kufuatilia. Jioni yake yule jamaa wa chupa za chai alikuja kupima ukuta wetu kwa futi kamba. Alipima mbele yetu, akaruka mguu wangu uliokuwa kwenye pedeli kama anaruka dimbwi. Severa alimtazama na mkasi mkononi. Niliuchukua ule mkasi taratibu nikauweka kwenye droo.

Ijumaa asubuhi tulirudi kwa Ummy, na nikasema tutumie simu yangu.

"Haloo," akajibu yule mwanamke.

"Dada, habari za asubuhi," nilianza, kwa ile sauti yangu ya kuwaambia watu hayupo. "Mimi naitwa Badria, napiga kutoka Dar."

"Kariakoo?"

"Eeh."

"Nilijua! Mimi Jovitha, niko Mpanda, nalima mpunga na nina watoto watatu. Hii laini nimeinunua dukani mwezi wa tatu. Tangu nimeiweka, kila wiki tarakimu sita, tarakimu sita! Mara mwenye vipodozi, mara mwenye matairi. Wote wananiambia nisomee, nisomee. Mimi mshamba lakini si mjinga. Matangazo yapo kila siku, namba ya siri usimpe mtu."

Kumbe Lucky alikuwa ameweka namba yake kwa nusu ya mtaa, kila mtu kwa ombi lake mwenyewe, na alipoiacha, kampuni ya simu ikaiuza upya.

Nilibembeleza. Nilimwita dada, nikamwita mpenzi, nikamwapia kwa Mungu. Kila nilivyozidi kulainika yeye alizidi kuwa mgumu. Ummy akanionyesha saa: saa nne na nusu. Severa akaninyang'anya simu.

"We Jovitha! Acha kunichezea! Mimi ndiyo niliyekutukana Jumatatu, na nitakutukana tena! Nimeamka saa kumi siku nne mfululizo. Nimeapa mahakamani kwamba mimi ni mimi. Kuna mtu amekuja kupima ukuta wangu na futi kamba mimi nikiwa nimesimama! Miaka kumi na minne nauza pazia kwa jina la mtu mwingine, leo nataka langu, na limekaa kwenye simu yako, na wewe umekaa juu yake kama kuku! Utapeli gani? Tapeli angekutukana?"

Nilifumba macho nikijua tumekwisha.

Kisha Jovitha akacheka, cheko la mtu aliyekuwa amechoka muda mrefu. "Kweli. Matapeli wana adabu. Huyo mwenzako wa kwanza, mpole, ndiye alinitia wasiwasi. Haya, mama, wazitume. Nitakusomea mara moja tu."

Niliumia. Ummy alibonyeza. Jovitha alisoma tarakimu sita moja moja kwa lafudhi yake ya Kirungwa, ya huko Mpanda, na akaunti ikafunguka.

Severa aliketi. "Sasa jaza haraka," alimwambia Ummy. "Jina niliandika karatasini, Severa Mapazia. Saa kumi haitusubiri."

Ummy hakujaza kitu. Alisogeza uso karibu na kioo. "Mama, hakuna cha kujaza. Cheti kipo."

"Kipo wapi?"

"Hapa. Severa Mapazia, mmiliki Severa Isidori. Kilitoka tarehe nne Machi, mwaka juzi. Kilikuwa kinakusubiri uchapishe tu. Unadaiwa ada za mwaka, hizo lipia sasa hivi kwa simu."

Tulilipa. Mashine ikanguruma, karatasi ikatoka ikiwa ya moto. Severa aliishika kwa ncha za vidole. Nilidhani atapiga kigelegele, nikawa nimeshavuta pumzi ya kumsaidia. Alisoma, akarudia, kidole kikasimama kwenye tarehe.

"Kwa hiyo alinisajili," alisema.

"Alikusajili."

Tulitoka tukapita pembeni ya viwanja vya Mnazi Mmoja, yeye akiwa mbele, cheti ndani ya kile kifuko chenye raba mbili. Nurdin tulimkuta dukani saa nane. Alikisoma, akakipiga picha kwa simu zote mbili, akasema, "Freshi mama, kesho njoo usaini," na akampigia yule wa chupa za chai aje achukue futi kamba yake aliyoisahau. Mzee Pankaj alimshika Severa mkono kwa mikono yote miwili, akamuuliza mwandishi wa mabango aitwe leo au kesho. Severa akasema kesho.

Alienda akakaa kwenye kona yake, akashika simu bila kuiwasha.

"Badria. Machi ile. Lucky alikuja hapa?"

Sindano ilikuwa katikati ya pindo. Niliisimamisha. "Alikuja."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu. Ya mwisho mvua ilikuwa inanyesha, alikuwa na ule mkoba wake wa karatasi. Alisema anataka kukuona mwenyewe. Wewe ulidhani anakuja kuomba hela ya kuongezea."

"Na wewe ulimwambia nini?"

"Si ulikuwa hapo chini, dada Severa? Ulisikia."

Nilikuwa na hasira naye wiki nzima kwa namba ile ya simu, na sasa nilitafuta pa kuiweka hasira yangu nikakosa, kwa sababu yule mtu alikuwa amelowa na mimi sikumuuliza hata alikuwa na shida gani.

"Ana namba gani Lucky siku hizi?" aliuliza.

"Hatuna nyingine. Ni ileile."

Alichukua simu yangu, akaitafuta ile inayoishia na 43, akapiga. Safari hii alingoja haloo, na akasalimia.

"Jovitha, samahani kukusumbua tena. Namtafuta Lucky. Hata kama kuna mtu amewahi kupiga akaacha ujumbe wake, au ndugu yake…"

Sauti ya Mpanda niliisikia mpaka kwenye mashine, haikuwa na ubaya wowote. "Mama, si nilikwambia? Lucky hayupo."