Wifi Yangu na Woga Wangu

Nilipopata ugonjwa wa sukari Mwingereza alikuwa bado anatawala, na sisi wa Kitangari tulikuwa bado tunateremka bondeni kuchota maji. Nilikuwa mama wa watoto wawili. Kiu ilinishika nikanywa mpaka mama mkwe akawa anaufunika mtungi kwa jiwe zito. Hospitali ya misheni walipoutaja ugonjwa wenyewe, aliliondoa jiwe.

Nikafundishwa kujidunga sindano. Mkono ulijifunza upesi, moyo ukakataa. Sikuweza kutulia. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Nilikwenda kupalilia mikorosho, nikarudi jembe halijagusa udongo. Chakula kikiiva, natoka. Mume wangu, mtu mpole, alinifuata nyuma: "Usifikiri sana, mama watoto. Utapona."

Daktari alikwisha kusema huu hauponi, mtu huishi nao. Kila mume wangu aliponiambia nitapona nilizidisha mwendo.

Ndipo wifi yangu, dada yake mkubwa, akaja kutoka Mnyambe. Asubuhi alinikuta nachemsha sindano, nazunguka meko.

"Wifi, unaogopa nini hasa?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamweleza juu ya mwanamke mwenye ugonjwa huu niliyemwona wodini, amekatwa mguu. "Naogopa kuwa kama yeye. Nani atanichotea maji?"

Nilingoja aniambie nisifikiri.

"Hata mimi ningeogopa," akasema. "Maji tutakuchotea. Woga siwezi kukuondolea. Ila kaa, uniambie wote."

Nikakaa. Nikasema, nikalia, nikasema tena. Kumbe mume wangu alikuwa mlangoni. Aliingia akakaa mkekani.

"Nami naogopa," alisema. "Ndiyo maana nilikuwa nakunyamazisha."

Wifi alikaa nasi mpaka mbaazi zikavunwa. Tangu hapo mume wangu aliacha kuniahidi kupona. Aliniuliza tu nimeamkaje. Siku nyingine nilimjibu vibaya. Siku nyingine niliinuka nikashika njia ya bondeni bila ndoo, naye akatembea kando yangu.

Utulivu kamili sikuupata. Hata leo kiti hakinikalishi muda mrefu. Lakini nilirudi kula mkekani na wenzangu, ugali kidogo na kisamvu kingi, na mama mkwe akimfokea yeyote anayenisogezea chai ya sukari.